Kiti cha Nne

Jumamosi ya mwisho ya Septemba 2017, saa saba mchana, Clifford Omollo aliizunguka kampavani nyeupe mara mbili katika yadi ya magari ya kukodi karibu na stesheni ya Lidcombe, Sydney, akiandika kila mkwaruzo. Alikuwa mwanafunzi wa uhasibu kutoka Kisumu, na wikendi alifanya kazi hapo. Bampa ya mbele, mikwaruzo miwili. Mlango wa kushoto, umebonyea kidogo. Jiko la gesi, safi. Vitanda viwili vya kukunja. Sahani nne, vijiko vinne, sufuria mbili, kisu kimoja butu.

“Kisu butu pia unaandika?” Balagizi, mteja wake, aliuliza.

“Naandika, mzee. Mkikirudisha kikiwa kinakata nitajua si chetu.”

Balagizi alicheka. Alikuwa dereva wa malori ya makontena bandarini Port Botany, na gari hilo lenye jiko na mapazia aliliona kama kichezeo. Mkewe Léocadie hakucheka. Alisimama kando akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Binti yao Déborah, mwenye miaka kumi na mitano, alikuwa ameshaingia ndani na kufungua kila kabati.

Clifford alisoma leseni na kadi zao. “Wote watatu mmezaliwa tarehe moja Januari,” alisema.

“Keki moja inatutosha,” Balagizi alijibu.

Katika kambi ya wakimbizi walikotoka, asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa aliandikiwa tarehe hiyo, na aliyeijua aliandikiwa pia, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Clifford hakushangaa. Wateja wake wengi walizaliwa siku hiyo. Aligeuza ukurasa.

“Fomu inauliza, mbali na nyinyi watatu, kuna mtu mwingine atakaye...”

“Hakuna,” Léocadie alisema, kabla hajamaliza.

Balagizi alipowasha injini, kitu kilianza kulia kwenye dashibodi, ti, ti, ti, na taa nyekundu ikawaka. Gari lilikuwa na viti vinne, viwili mbele na viwili nyuma kando ya meza ndogo. Taa ilionyesha kiti cha nne, cha nyuma upande wa dirisha. Juu yake palikuwa na sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Déborah aliiondoa akaiweka kwenye sinki. Mlio uliendelea.

Clifford alipanda, akapitisha kiganja juu ya kiti polepole, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto.

“Ni mtu,” alisema. “Msichana hivi, si mzito. Mfungeni mkanda tu, mlio utaisha. Polisi wa huku hawana mchezo na mkanda.”

Déborah alivuta mkanda na kuufunga. Haukulala juu ya kiti. Ulisimama shubiri moja mbele ya mgongo wa kiti, umezunguka tumbo jembamba ambalo halikuonekana. Mlio ulikoma.

“Na fomu?” Balagizi aliuliza.

“Fomu naiacha watatu. Nimeshaiprinti.”

Wakaondoka.

Léocadie alimjua abiria huyo kabla hawajatoka getini, kwa harufu ya moshi wa kuni na sabuni ya mche. Alikuwa Nsimire, mtoto wa kaka yake. Nsimire hakuwa amekufa. Alikuwa na miaka kumi na saba, na saa hiyo alikuwa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ambako Léocadie alimwacha.

Mwaka 2004, vita vilipoingia Bukavu, kaka yake Cirhuza, ambaye mkewe alikuwa ameshafariki, alimletea mtoto wa miaka minne. Alisema anakwenda kuangalia nyumba na atarudi jioni. Hakurudi. Léocadie alivuka mpaka akiwa na Déborah kifuani na Nsimire mgongoni, Balagizi akiwa mbele na magodoro. Nsimire alilia njia nzima akiuliza kama wamefika, na kila mara Léocadie alimjibu vilevile: “Lala. Tukifika nitakuamsha.” Walipofika alimwamsha.

Miaka saba baadaye waliitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa Australia. Watu wa foleni walimwambia Léocadie kwamba mtoto asiye wako huchelewesha faili miaka miwili, hata mitatu. Watataka cheti cha kifo cha baba, watataka mashahidi. Wakati huo Déborah alikuwa na kifua kibaya na daktari wa kambi alikuwa ameacha kusema atapona lini. Afisa aliuliza kama kuna mtu mwingine anayeishi nao. Léocadie alisema hakuna. Balagizi alikaa kando yake akatazama meza. Nsimire alikuwa nje kwenye uzio, ameshika kandambili za Déborah, kwa kuwa Déborah alikuwa amevalishwa viatu vya kuazima.

Walimwacha kwa jirani yao, Mama Bizimana, wakamwahidi kumwita. Walipofika Sydney mwanasheria wa kujitolea aliwaeleza kwamba ni vigumu kumwita mtu ambaye wewe mwenyewe ulisema hayupo, na kwamba wakianza kueleza, maswali yanaweza kuwarudia wao na karatasi zao. Walimshukuru. Hawakurudi kwake tena.

Kisha, mwaka 2016, Cirhuza alipatikana. Alikuwa amepitia Burundi na Tanzania, akaletwa Albury, mji ulio mwendo wa siku moja kusini mwa Sydney, akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Aliona picha ya kwaya ya kanisa kwenye simu ya mtu, akamtambua dada yake katika safu ya pili kwa namna anavyofungua mdomo. Jambo la kwanza alilouliza lilikuwa Nsimire. Léocadie alisema yupo, anaoga. Wiki iliyofuata Nsimire alikuwa shuleni. Baadaye alikuwa amelala, amekwenda kambi ya vijana ya kanisa, ana aibu ya simu, ana mtihani. Mwaka mzima ulipita hivyo. Mwezi Agosti Cirhuza alisema kwamba Krismasi atapanda treni aje mwenyewe.

Ndiyo maana Léocadie alikodi nyumba yenye magurudumu. Cirhuza aliishi chumba kimoja na wanaume wawili wa kiwandani, hapakuwa na mahali pa kulala. Na habari ile haikuwa ya simu. Alitaka kuisema uso kwa uso, kisha awe na mlango wake wa kufunga. Kwao Bukavu mkubwa wako, awe kaka au dada, unamwita yaya, kwa hiyo sentensi aliyoiandaa ilikuwa na maneno mawili tu: Yaya, sikumwandika. Aliyarudia tangu Agosti akiwaogesha wazee katika nyumba ya wazee alikofanya kazi, na mzee mmoja alikuwa ameanza kuyarudia pamoja naye.

Walikuwa kwenye barabara kuu ya M5 simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Mama Bizimana, lakini sauti ilikuwa ya Nsimire.

“Shangazi, muko wapi?”

“Tuko barabarani. Mbona umeamka mapema?”

“Niko foleni ya maji. Lakini nimekaa.”

“Umekaa juu ya nini?”

“Kiti hakuna. Nimekaa tu hivi, miguu iko juujuu. Mama Bizimana ameniwekea ndoo ya kukanyagia. Foleni ikisogea, na mimi nasogea.” Kisha akaongeza: “Mwambie tonton apunguze kwa kona. Nimemwangukia mama wa nyuma, ameanza kunitukana.”

Balagizi, ndiye tonton, yaani mume wa shangazi, alipunguza mwendo. “Mwambie pole. Mwambie hii si kontena, bado naizoea.”

“Tonton anasema pole.”

“Tunaenda wapi?” Nsimire aliuliza.

Léocadie alitazama kuta za barabara zikipita. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena nusu.

“Kutembea tu,” alisema.

Katika kanisa lao hakuna familia iliyosafiri mbali bila sala ya safari, kwa hiyo walitoka barabara kuu wakaingia Macquarie Fields, kwa Pasta Katembo. Pasta aliishi katika nyumba ya serikali yenye uzio wa waya, na siku hiyo alikuwa anakata majani akiwa amevaa suruali ya suti na kandambili. Alizima mashine akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma.

“Balagizi, hii ni gari ao ni nyumba?”

“Ni vyote, Pasta. Mke wangu akinifukuza, anatoka na mimi.”

“Bon. Niingie nibariki vyumba.”

Desturi yake ilikuwa kuweka mkono juu ya kichwa cha kila msafiri na kumtaja kwa jina, ili malaika wasichanganye watu. Alimtaja Balagizi. Alimtaja Léocadie, ambaye hakuweza kutulia chini ya mkono. Alimtaja Déborah. Kisha mkono wake ulikwenda kwenye kiti cha nne, ukapanda juu kidogo ya mgongo wa kiti, ukatulia hewani.

“Huyu amesuka nywele,” Pasta alisema akiwa amefumba macho. “Anaitwa nani?”

Nje jirani mmoja alikuwa anamwita mbwa wake, na mbwa hakuwa anakuja.

“Mungu anamjua, lakini mimi ninaomba kwa majina,” Pasta alisema. “Na mkono umeanza kuchoka.”

“Nsimire,” Déborah alisema.

Tangu wafike Australia, jina hilo lilikuwa linasemwa kwenye simu tu, mlango ukiwa umefungwa. Pasta alilitaja mara tatu, akaomba Nsimire afike salama anakokwenda. Alipomaliza alitoa daftari la washirika, akapitisha kidole kwenye majina.

“Hayumo,” alisema. “Nimwandike?”

“Tukirudi, Pasta,” Léocadie alisema.

Pasta alifunga daftari. Kisha aliingia ndani, akarudi na mayai manne ya kuchemsha kwenye mfuko wa mkate. Walipofika mji wa Mittagong kila mmoja alikula lake. La nne walilikuta limeliwa, na ganda lake liko mezani likiwa kipande kimoja kirefu. Nsimire alimenya mayai hivyo tangu utotoni.

Jioni waliegesha mjini Goulburn, kwenye uwanja wa magari kama hayo, kati ya familia mbili zilizokuwa zinachoma soseji. Léocadie hakuweza kukaa. Alifuta meza, akakunja blanketi, akalikunjua kuona kama amelikunja vizuri. Alishuka kuangalia magurudumu, ingawa hakujua anaangalia nini.

Déborah alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Ndivyo walivyoishi nyumbani, na hakuna aliyelalamika. Lakini jioni hiyo alikaa karibu na kiti cha nne akaanza kusema Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

“Nsimire. Kandambili zangu. Wewe ulishika. Siku ile.” Alitafuta neno. “Nilisahau kuchukua. Si kusahau. Mama alinivuta mkono.”

Baada ya robo saa simu ya Léocadie ilileta ujumbe: “Mwambie Déborah kandambili zake ninazo. Zimekuwa ndogo lakini sijazitupa.”

Déborah aliusoma, akamgeukia mama yake na kurudi kwenye Kiingereza. Aliuliza kama kesho atamwambia mjomba.

“Kesho,” Léocadie alisema. “Si ndiyo sababu tunakwenda?”

Déborah aliuliza kama anaahidi.

“Lala,” Léocadie alisema.

Cirhuza alikuwa amesimama nje ya jengo lake tangu asubuhi, majirani waliwaambia baadaye. Alivaa koti la suti na kushika sanduku la viatu. Kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kifupi; nusu yake aliiacha kiwandani. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake ya simu. Gari liliposimama, Déborah alishuka wa kwanza. Cirhuza aliliachia sanduku, akamkumbatia, akalia shingoni mwake, Nsimire, Nsimire, na Déborah akasimama wima, mikono ikining'inia, akingoja amalize.

“Mimi Déborah, mjomba,” alisema.

Cirhuza alifuta uso kwa mkono wa koti. “Bon,” alisema. “Déborah pia ni wangu.” Kisha akamtazama dada yake.

Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mitatu. Léocadie alikuwa na sentensi mdomoni, maneno yote mawili.

“Yaya,” alisema.

Lakini Cirhuza alikuwa ameuona mkanda kupitia mlango uliokuwa wazi. Alimpita, akapanda, akakaa kwenye kiti cha tatu, akanyoosha mkono wa kushoto. Mkono ulikuta kitu, ukakifunika.

“Amekuwa mukubwa,” alisema.

Balagizi alizima injini, ambayo alikuwa ameisahau.

“Léo,” Cirhuza alisema bila kugeuka, “umenilelea mtoto. Mimi nitasema nini mbele yako?”

Simu ilitetemeka kwenye mkoba wa Léocadie. Nsimire alikuwa ameandika: “Shangazi, nani ameshika mkono wangu? Kidole kimoja ni kifupi.”

Léocadie aliandika: Ni baba yako. Aliyatazama maneno hayo. Kisha aliyafuta, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka nafasi ikabaki nyeupe.

“Mwache ale kwanza,” Balagizi alimnong'oneza. “Mutu hapewi habari na njaa.”

Walikula bugali na sombe ndani ya gari. Sahani zilikuwa nne, kwa hiyo Cirhuza alileta yake kutoka chumbani. Alitenga tonge kubwa kuliko yote mbele ya kiti cha nne, na tonge likaisha. Alikula kwa mkono mmoja. Wa pili hakutaka kuuondoa ulipokuwa. Hakuuliza kwa nini mtoto haonekani. Alikuwa mtu aliyezoea kupokea kile alichopewa, na alionekana kuogopa kwamba akiuliza kitachukuliwa.

“Nyumba ilikuwa salama,” alikiambia kiti. “Siku ile. Nilichelewa tu kurudi.”

Baada ya chakula alifungua sanduku. Vilikuwa viatu vyeusi vya shule. Namba alikuwa ameiuliza kwa simu, na Léocadie alimpa namba ya Déborah. Aliviweka chini mbele ya kiti. Ngozi ya kiatu cha kulia ilivimba, mguu ukaingia hadi nusu, kisigino kikabaki nje.

“Eh! Mumenipa namba ya zamani,” Cirhuza alisema, akacheka kwa furaha. “Mtoto anakula vizuri, huyu.”

Kisha akawa mzito kidogo, akaegemea meza.

“Mimi nilimwandika, unajua? Tanzania, walipouliza kama nina mtoto. Sikujua kama yuko hai, lakini nilimwandika, jina, mwaka, kila kitu. Afisa akasema, akipatikana mahali popote, kuja utuambie, jina tayari iko ndani. Mwaka jana nikaenda kwa ofisi ya hapa. Nikawaambia, mufunge hii faili, mtoto amepatikana, iko Sydney kwa dada yangu.”

“Wakaifunga?” Léocadie aliuliza.

“Yule mama akasema ataiacha wazi kwanza, mpaka mwisho wa mwaka huu. Ati watu hubadilisha habari.” Cirhuza alicheka tena. “Nikamwambia, mama, habari gani tena?”

Léocadie alielewa. Jina la Nsimire lilikuwa limeandikwa miaka yote hiyo, katika fomu ya baba yake, likingoja mtu mmoja aseme mahali alipo. Sentensi yake sasa haikuwa ya kuungama tu. Ingeweza kumpandisha mtoto ndege. Alielewa pia kwamba siku atakayosema, fomu mbili zingewekwa kwenye meza moja, moja inasema yuko, nyingine inasema hakuna, na chini ya ile ya pili kuna sahihi yake. Alisimama akaosha sahani. Alipomaliza aliziosha tena.

“Anasoma darasa la ngapi?” Cirhuza aliuliza.

Balagizi alikohoa. Déborah alimtazama mama yake.

“La kumi,” Léocadie alisema.

Lilikuwa darasa la Déborah. Déborah alishuka garini na kuuvuta mlango nyuma yake kwa nguvu, na viatu vya shule vikaruka kidogo sakafuni.

Usiku huo Cirhuza alilala amekaa. Asubuhi ya Jumatatu, walipokuwa wanakunja vitanda, aliomba aachiwe mtoto angalau hadi Krismasi. Balagizi alipiga magoti akaangalia chini ya kiti. Kilikuwa kimeshikwa na boliti nane, na gari lilitakiwa Lidcombe saa kumi na moja jioni.

“Basi Krismasi nitakuja mimi,” Cirhuza alisema. “Na viatu vya namba kubwa.” Alikuja upande wa dirisha la Léocadie, akaweka mkono wenye kidole kifupi juu ya kioo kilichoshushwa nusu.

“Yaya,” Léocadie alisema.

“Ndiyo, Léo.”

Nyuma yao mlio ulianza, ti, ti, ti. Déborah alikuwa ameufungua mkanda wa kiti cha nne kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya. Cirhuza aliingiza kichwa dirishani, akaonyesha kwa kidole. “Mufunge mtoto mukanda,” alisema. “Mufunge vizuri. Barabara ni ndefu.”

Déborah alifunga. Mlio ulikoma.

“Ukae vizuri, Yaya,” Léocadie alisema.

Walishika njia ya kurudi. Mjini Gundagai walinunua mafuta. Balagizi alijaribu kuimba wimbo wa kwaya, akauacha kwenye ubeti wa kwanza. Kwenye kona alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Yadini, wateja wengine walikuwa wameshafika kulingoja gari, mume na mke wastaafu, Waaustralia wenye nywele nyeupe na kofia zinazofanana. Walikuwa wanakwenda kaskazini, Queensland, kuwaona wajukuu ambao walikuwa hawajawaona miaka sita. Clifford aliwaomba wasubiri kidogo. Alizunguka na ubao wake. Bampa, milango, jiko. Alijaribu kisu kwenye ukucha wa kidole gumba.

“Bado butu,” alisema. “Asanteni.”

Kisha akafika kiti cha nne, akatazama mkanda.

“Lakini hapa bado kuna mtu.”

Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya gari.

“Mama, mimi siwezi kumshusha mtu ambaye sikumpandisha. Kwa fomu mlikuwa watatu. Lakini si noma, hapa chini kuna mstari wa marekebisho. Unaandika jina lake, unatia sahihi kwamba ni wenu, nafungua mkanda, mnaenda naye nyumbani. Ni dakika mbili.”

Léocadie alipokea kalamu. Mstari ulikuwa mrefu wa kutosha kwa jina moja. Balagizi aliinama akaangalia gurudumu.

“Mama,” Déborah alisema. Halafu, kwa Kiswahili, “Andika.”

“Hii fomu inakwenda wapi?” Léocadie alimuuliza Clifford.

“Ofisini.”

“Halafu?”

“Inaingia kwa sistimu. Ikishaingia haitoki.”

Léocadie alishika kalamu juu ya mstari kwa muda ambao treni ya Auburn iliingia stesheni, ikapakia, ikaondoka. Nukta ndogo ya wino ilitokea kwenye karatasi. Alirudisha kalamu.

Clifford alitazama nukta, akaona haina maana yoyote. Kwa utaratibu wa kazi alitakiwa kuuliza tena kabla ya kufunga, akauliza.

“Kwa hiyo hakuna mtu mwingine?”

“Hakuna.”

Clifford aliwaeleza wastaafu kwamba kiti cha nyuma dirishani kina mtu, kwa hiyo mkanda wasiuguse. Yule bibi alisema si tatizo, na akauliza kama msichana huyo hutapika garini. Déborah alimwambia ni kwenye kona tu. Bibi alimshukuru, akaweka blanketi dogo la rangi ya zambarau juu ya magoti yasiyoonekana, na blanketi likakaa juu bila kuanguka.

Kampavani ilitoka getini na kukata kuelekea kaskazini. Kwenye dirisha la nyuma mkanda ulionekana umekaa mahali pake, shubiri moja mbele ya kiti.

Walitembea kwenda nyumbani wakiwa wamebeba sufuria tupu ya sombe na sanduku la viatu, Déborah akiwa mbele yao hatua ishirini. Walipofika chini ya daraja la reli simu ilitetemeka. Kambini ilikuwa saa tatu asubuhi.

“Shangazi, tumeondoka tena,” Nsimire alikuwa ameandika. “Sasa tunaenda wapi?”

Balagizi alichukua sufuria ili mkewe apate mikono miwili. Léocadie aliandika polepole, akasoma mara moja, akatuma.

“Lala. Tukifika nitakuamsha.”